Utusamehe Samaki Wetu

Nilidhani mvua naijua, mimi wa Tukuyu.
Nikashuka treni Blaenau Ffestiniog na sanduku moja
na barua ya Jimbo yenye mihuri mitatu.
Mvua ikanipokea kwa ubavu.
Hii hainyeshi, inatembea,
inakuja imelala, kama mtu anayechungulia chini ya mlango.
Pande zote vilima vya vigae vya mawe, vimevunjika,
vyeusi, vinang'aa,
kana kwamba mji mzima uliangusha sahani zake
na hakuna aliyekuja kuzoa.

Kiingereza nilikisoma miaka kumi na minane.
Dukani walinijibu kwacho, kwa adabu,
kama mtu anayekupa kiti cha wageni,
kisha wakageukiana
wakarudi jikoni mwa lugha yao
na mlango wakauacha wazi kidogo.

Mwalimu wangu ni Bi Eluned, mjane, themanini na mmoja.
Ananifundisha mezani, chai ikipoa.
Paka ni *cath*. Paka wangu, *nghath*.
Paka wa yule bwana, *gath*; wa yule bibi, *chath*.
Paka mwenyewe amelala juu ya redio,
hajali kubadilishwa kichwa mara nne.
Nikamwambia: kwetu pia. Ulimi, ndimi.
Uso, nyuso. Jino, meno.
Akaandika "jino, meno" nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
akasema (hili nililielewa lote)
Maskini wewe.

Ile L yao pacha bado.
Unabandika ulimi nyuma ya meno, unapuliza kando.
Nimeifanyia mazoezi bafuni hadi kioo kikalowa.

Usiku namkumbuka bibi yangu, mkunga wa Masoko,
na kisa chake cha mzungu wa misheni
aliyepanda mimbarini kuwaita kondoo wa Bwana
na o moja ikamponyoka.
Kondo! Kondo za Bwana!
Wakunga watatu walitoka nje wameshikana mabega.
Bibi alikicheka kisa hicho miaka arobaini
wala hakuwahi kusema yule mzungu
jioni ile alikula nini, alilala upande gani.
Sasa najua. Alilala chali.

Jumapili ya tano wakaniachia sala.
Watu tisa katika kanisa la watu mia sita,
kila mmoja kwenye benchi la ukoo wake,
na katikati yao mabenchi ya marehemu.
Nilikuwa nimeikariri nikiosha vyombo.
Dhambi, *pechodau*. Samaki, *pysgod*.
Nikafumba macho,
nikamwomba Mungu kwa sauti ya Rungwe, ile ya kuvuka bonde,
atusamehe samaki wetu,
wale wa siri na wale wa hadharani,
tuliowatenda makusudi na tuliowatenda bila kujua.

Kimya. Mvua juu ya paa.
Kisha, benchi la nyuma, sauti nzito kama mlango wa ghala:
Amen.
Mzee Ifor Penri, ambaye kwa miaka hamsini
huingia usiku kwenye ziwa lenye bango la kukataza.
Bi Eluned akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.
Kitabu kikatikisika.

Jina langu Tusekile. Kinyakyusa: tumecheka.
Hakuna aliyeniuliza maana yake,
nami sikuwa na maneno ya kutosha kujitetea.

Jumatatu, kabla sijavaa viatu, mlango ukagongwa.
Mzee Ifor, kofia inachuruzika,
mikononi gazeti, ndani ya gazeti
samaki wawili wa madoadoa, bado wanateleza.
Akasema polepole, kama anayelisha kifaranga:
*Fy mhechodau.*
Dhambi zangu.
Nikaisikia ile p imevua kichwa chake, imevaa mh,
na nikaielewa bila kuhesabu vidole.

Nikawapasua. Chumvi, ndimu, kikaango.
Nikala dhambi za Mzee Ifor hadi kwenye mifupa.
Paka wa Bi Eluned akaja dirishani,
*cath* au *gath*, aitwe vyovyote,
nikampa vichwa.